Je, kuzalisha kwataka shahada?

Nawaletea leo swali lililonisumbua kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Nanyi mtapima kama nimelijibu vema au vibaya.

Jumapili moja, watu wakitoka Misa, baba mmoja wa parokia yetu alinishika mkono akanivuta pembeni chini ya mti. Sisi tunakaa huku milimani, Bushi, katika Kivu ya Kusini. Mali ya mtu ni shamba lake na ng'ombe wake, na neno la kuuza ng'ombe halisemwi mbele ya watu. Binti yake alikuwa amepata diploma ya serikali, akataka kwenda Bukavu kusomea ukunga katika masomo makuu, mpaka apate shahada iitwayo lisansi. "Mwalimu," baba akaniambia, "kama angetaka kuwa daktari, ningeelewa. Hata sheria ningeelewa. Lakini kuzalisha! Mama yangu amewapokea nusu ya watu hawa unaowaona wakitoka kanisani, na watoto wako wawili wamo. Hajui kuandika hata jina lake. Je, niuze ng'ombe ili mtoto akajifunze miaka mitatu kazi iliyomo nyumbani mwetu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia maneno ya kawaida ya walimu, kwamba elimu ni nuru, naye akanishukuru kwa adabu, wala hayakumsaidia kitu. Usiku nikaona kwamba ameniuliza jambo kubwa kuliko nilivyodhani. Huyu binti ana wadogo watatu, nao wangojea ada ya shule. Je, ni haki kuchukua mali ya jamaa yote kwa ajili ya karatasi ya mmoja, ikiwa kazi yenyewe mtu aweza kuijua kwa kuketi karibu na mzee na kutazama? Na upande wa pili: mtu ambaye kazi yake ni uzima wa watu wawili kwa mara moja, je, ana haki ya kuridhika na kujua kidogo, ilhali angeweza kujua zaidi?

Yule mama mzee, mama wa baba yule, wote tunamwita Koko. Sitaki mtu asome maneno haya akidhani namcheka. Koko hunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Hakati kitovu kwa wembe wa zamani. Hamtukani mwanamke anayelia, na siri za nyumba za watu zimekaa ndani yake kama maji ndani ya mtungi uliofunikwa. Siku hizi wanawake wahimizwa wazalie kwenye kituo cha afya, naye ametii, huwasindikiza. Lakini usiku wa mvua, njia ikiwa tope tupu, ni nani atakayebishiwa hodi kama si yeye? Nilipomwuliza juu ya mjukuu wake, alinijibu kwa swali: "Msichana asiyezaa bado, atamwambia nini mwanamke mwenye uchungu?"

Neno hilo ni la kale kuliko Koko. Sokrates, yule mwenye hekima wa Athens aliyekufa mwaka 399 kabla ya Kristu, alikuwa mwana wa mkunga. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Theaetetus, Sokrates aeleza kwamba kwao kazi hiyo haikuwa ya mwanamke anayezaa bado, wala ya tasa, bali ya yule aliyezaa na ambaye umri wake wa kuzaa umepita. Maana akili ya binadamu haina nguvu ya kushika ufundi wa jambo asilolipitia. Koko asingesema vizuri zaidi. Lakini miaka mia tano hivi baadaye, daktari Mgiriki aitwaye Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Roma, aliandika kitabu juu ya uzazi na magonjwa ya wanawake, akalipinga neno hilo. Si lazima, alisema, mkunga awe amezaa ndipo awahurumie wazazi. Alichotaka ni kingine. Mkunga ajue kusoma, ili ashike na maana ya kazi, siyo desturi yake tu. Asiwe mlevi. Ajue kunyamaza. Asipende fedha, asije akauza dawa ya kuharibu mimba. Tena asiogope ndoto na ishara za mikosi, asije akaacha jambo la kuokoa kwa sababu ameota vibaya. Basi mtu asituambie kwamba kutaka mkunga msomi ni mtindo wa juzi ulioletwa na vyuo. Shauri hilo lina karibu miaka 1900.

Juu ya huruma, mimi niko upande wa Soranus. Padri hakuoa, naye hupatanisha mume na mke. Tena nimewasikia wanawake waliozaa mara nane wakimwambia mwenzao anayelia: "Nyamaza, hata sisi tumepita huko." Maumivu yaweza kumlainisha mtu, yaweza pia kumkausha.

Lakini baba yule hakuniuliza habari ya huruma. Aliniuliza habari ya mazoea. Koko amepokea watoto mamia. Ni chuo gani kitakachomwonyesha binti watoto mamia kwa miaka mitatu? Hapa yafaa tufikiri polepole, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu mwenyewe.

Katika kazi ya seremala kosa laonekana: meza yacheza. Mpishi akipika vibaya huambiwa siku ileile. Kuzalisha si hivyo. Wanawake walio wengi hujifungua salama, hata kama aliye karibu nao hajui kitu, kwa kuwa Mungu ameuumba mwili wa mwanamke kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mkunga mwenye desturi njema na mkunga mwenye desturi mbaya, wote wawili hupata karibu kila mara jibu lile lile: mtoto amelia, mama ameomba uji. Kila mara moyo humwambia mkunga: umefanya vema. Hatari ikija, yaja mara chache, tena yaja kwa sura ambayo labda hajaiona, naye hana kitu cha kuilinganisha nacho. Basi mazoea ya mtu mmoja humfundisha sana mambo ya kila siku, na humdanganya juu ya mambo ya nadra. Na masomo ni kitu gani? Ni kukusanya pamoja misiba iliyowapata wanawake ambao hatukuwaona kamwe, ili yule wa kwetu asife kwa jambo ambalo wengine walikwisha kufa kwalo.

Tazama mfano huu. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aumwa kichwa, uso wamvimba, aona nyota machoni. Kisha aanguka na mwili wote watetemeka. Mkunga wa mazoea labda ameliona jambo hilo mara mbili maishani mwake. Jirani watasema nini? Mnajua watakavyosema. Watatafuta mchawi, nao hawatakosa kumpata: ni mke mwenzie, au mama mkwe, au mjane fulani asiye na mtetezi. Aliyesoma ajua kwamba hicho ni kifafa cha mimba. Kwamba mara nyingi shinikizo la damu hupanda kabla ya kuanguka, na kwamba lingeonekana kwa kupimwa mkononi tu. Aijua na dawa yake, sulfati ya magnesi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002, uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 waliokuwa na dalili za hatari hiyo, ulionyesha kwamba dawa hii yapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Nami nilipoyafikiri hayo sikumwona mwenye mimba peke yake. Nilimwona na yule mjane.

Mwishowe ng'ombe aliuzwa. Sijisifu, si mimi niliyemshawishi baba. Ni mke wake, ambaye muda wote hakusema neno, kisha jioni moja akamtajia mtoto wao wa pili, yule aliyezaliwa asilie, akamwuliza kama ng'ombe ana thamani kuliko yule.

Binti akaenda Bukavu. Wengi kwetu walidhani anakwenda kujifunza kupokea mtoto tu, wakashangaa madaftari yake. Mapatano ya wakunga wa dunia nzima yataka masomo ya miaka isiyopungua 3 kwa anayeanza bila kuwa mwuguzi, na miezi isiyopungua 18 kwa aliyekwisha kuwa mwuguzi. Na angalau nusu ya masomo iwe kazi ya mikono yenyewe, si maneno ya ubao. Basi hujifunza viungo vya mwili na kazi yake, mwendo wa damu, dawa na vipimo vyake, kumfufua mtoto asiyevuta pumzi katika dakika ile ya kwanza, kumwangalia mama baada ya kuzaa, hesabu, sheria za kazi, na adabu yake. Kisha staji, mchana na usiku. Mwaka wa kwanza alirudi amekonda. Baba yake alitaka kujua kama shule ile ina chakula.

Likizo ya mwaka wa pili ndiyo iliyonifanya niandike habari hii. Binti alikuja na kipande cha plastiki, kama mfuko mpana wenye mdomo, chenye mistari na tarakimu. Alitandika kitenge cha zamani juu ya mkeka. Akachukua maji aliyoyatia rangi nyekundu, akayapima kwa siri nyuma ya nyumba, akayamwaga juu ya kitenge mbele yetu. "Koko, hii ikiwa ni damu ya mzazi, ni kiasi gani?" Koko akatazama kwa jicho la mtu ajuaye kazi. "Ni vikombe viwili vidogo, mama. Hiyo ni ya kawaida." Ilikuwa nusu lita kamili, na nusu lita ndicho kipimo ambacho wazalishaji hufundishwa kuanza kushtuka. Akamwaga tena, mara hii lita nzima. Koko akasema: "Labda nusu lita." Mimi nilisema kidogo kuliko yeye.

Ndipo binti akatueleza. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Upande mmoja wazalishaji waliendelea kama kawaida, wakikadiria damu kwa macho. Upande wa pili waliwekewa mfuko ule wenye mistari chini ya mzazi, wakafundishwa kwamba damu ikifika kipimo watoe dawa zote na matendo yote mara moja, wasingoje moja lishindwe ndipo wajaribu la pili. Waliokadiria kwa macho walitambua mvujo wa damu kwa wanawake 51 katika kila 100 waliovuja. Wenye mfuko walitambua 93. Na wanawake waliopatwa na msiba mkubwa, yaani kuvuja lita nzima na zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwayo, walikuwa 4.3 katika kila 100 upande wa kwanza, na 1.6 upande wa pili.

Angalieni neno hili: wale waliokosa nusu ya hatari hawakuwa akina Koko. Walikuwa wazalishaji wa hospitali, wenye diploma. Elimu basi haimpi mtu jicho kali kuliko la mzee. Yamfundisha kwamba jicho, hata la mzee, hata lake mwenyewe lenye shahada, ladanganyika, na kwamba lazima kupima.

Binti alifurahi, kwa sababu mchezo wake umefaulu. Koko hakufurahi. Alikaa kimya, akikishika kile kitenge kilicholoa. Kisha akataja majina ya wanawake wawili. Mmoja alikufa katika mwaka wa vita, 1998, wakati njia za hospitali zimefungwa. Wa pili, miaka michache baadaye. "Tulisema damu ni ya kawaida," akasema. "Tulimfunika, tukampa uji. Alfajiri alikuwa baridi." Akanitazama mimi, siyo mjukuu wake. "Mwalimu, je, ni mimi?"

Ndugu wasomaji, nimefundisha katekisimu miaka mingi, na swali kama hilo sijaulizwa. Yule binti alianza kulia.

Nilimjibu kwa yale niliyofundishwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba si kila kutojua ni kosa. Kuna kutojua ambako mtu hakuweza kukushinda kwa juhudi yoyote. Huko kwamwondolea lawama. Na kuna kutojua ambako mtu angeweza kukushinda, tena alipaswa, lakini kwa uvivu au kwa kujipenda ameacha; huko ni dhambi, hata kama moyo wake hausikii kitu. Koko alijifunza yote ambayo mtu wa mlima huu aliweza kujifunza. Hakuna aliyemwonyesha mfuko wenye mistari, wala dawa ya kukaza kizazi haikuwapo. Kwake mlango ulikuwa umefungwa. Nilimwambia hivyo, naye aliitikia kwa kichwa. Kama moyo wake umepona, hilo sijui. Mtu aweza kuwa hana hatia na bado akalia.

Lakini nilipokwenda nyumbani niliona kwamba jibu lile lile ndilo jibu la baba, lile nililokosa chini ya mti. Kitendo kimoja, watu wawili, na deni si sawa. Kwa Koko kutojua hakukuwa kosa. Kwa binti, aliyepewa akili na diploma, ambaye mlango uko wazi mbele yake kwa bei ya ng'ombe, kubaki bila kujua kungekuwa kosa siku atakapojiita mkunga. Hadai shahada kama mtu adaivyo nguo ya sikukuu. Ni wanawake wa mlima huu wanaomdai yeye.

Msidhani sasa kwamba naiabudu shahada. Haiondoi kiburi cha mtu. Yaweza hata kukiongeza. Katika hospitali kuu ya Vienna, nchi ya Austria, katika miaka ya 1840, palikuwa na nyumba mbili za kuzalia. Katika ya kwanza walifundishwa madaktari, katika ya pili wakunga. Je, mngetazamia wanawake wafe wapi zaidi? Katika nyumba ya madaktari walikufa karibu 10 katika kila 100, wengi kwa homa ya uzazi. Katika nyumba ya wakunga hawakufika 4. Wanawake wa mji walijua, nao walipiga magoti wakiomba wasipelekwe nyumba ya kwanza. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu kila mahali. Alifikiri hata habari ya padri: aliyepeleka Sakramenti kwa wanaokufa alipita katikati ya nyumba ya kwanza pamoja na kengele, na labda hofu ya kengele ndiyo iliwaua wazazi. Padri akapita njia nyingine, bila kengele. Haikusaidia kitu.

Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Kolletschka, alichomwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Ndipo Semmelweis akafahamu. Madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti, wakaenda kuwapima wanawake wenye uchungu, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vya nyumba ya kwanza vikashuka hata vikalingana na vya nyumba ya wakunga. Je, alishukuriwa? Waungwana wengi wenye shahada hawakukubali kuambiwa kwamba mikono yao ni michafu. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Nilipomsimulia baba habari hii, alipiga makofi. "Umeona, Mwalimu? Wasomi ndio waliowaua!" Ni kweli, ndio waliowaua. Lakini ni nani aliyevumbua kosa? Ni mtu mwenye vitabu vya hesabu, ambamo vifo vya kila mwezi viliandikwa, aliyefundishwa kuuliza kwa nini. Koko hana daftari. Wale wanawake wawili amewaweka moyoni tu, na moyoni mtu hawezi kuhesabu vizuri.

Bado kuna jambo jingine, nalo ni la haki. Mwaka 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, hatukuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Tulikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu waliosoma miaka mingi, waliotibu na kupasua. Lakini kwa karatasi walikuwa wasaidizi, na neno la mwisho lilikuwa la mwingine. Baada ya uhuru makumi yao walitumwa Ufaransa, watu wazima wenye wake na watoto, wakaketi tena darasani ili wakamilishe udaktari. Sidhani kama mikono yao ilibadilika sana. Neno lao ndilo lililopata uzito. Vilevile mkunga: saa nane ya usiku aona kwamba mama huyu asipopasuliwa sasa atakufa, au kinyume chake, aona kwamba huyu mwingine aharakishwa kupasuliwa bila sababu ya kweli. Lazima amwambie daktari. Asiye na masomo atanong'ona, naye ataambiwa anyamaze. Shifra na Pua, wale wakunga wa kitabu cha Kutoka, walimkatalia Farao alipowaamuru kuwaua watoto wa kiume. Walimcha Mungu, nao walikuwa na ujasiri. Lakini angalieni jinsi walivyomjibu: walisema habari za kuzaa, habari ambazo Farao hakuzijua wao wakazijua. Baba Mtakatifu Pio XII naye, alipowahutubia wakunga Wakatoliki wa Italia tarehe 29 Oktoba 1951, aliwakumbusha kwamba watu huwaendea na kuwasikiliza kwa kuwa waamini ujuzi wao. Dhamiri njema isiyo na ujuzi haisikilizwi na mtu.

Koko naye ameshinda mara moja, lazima niseme. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, walitangaza karatasi ya mistari kwa ajili ya wakunga wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo. Yaitwa partogramu. Mkunga aandika humo mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani. Mstari wapanda sentimita 1 kila saa, na mama akichelewa nyuma yake ni ishara ya kumpeleka hospitali mapema. Karatasi hiyo ilienea duniani. Mwaka 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu likatoa mwongozo mpya, usio na mstari ule mmoja kwa wote, kwa sababu ilionekana kwamba wanawake wengi huenda polepole kuliko sentimita ile na bado huzaa salama. Binti alipomweleza Koko, mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka hamsini! Mngeniuliza. Kila mwanamke ana mwendo wake." Hapo naona faida ya shahada ya kweli. Aliyekariri mstari tu, kama mtoto akaririvyo katekisimu asiyoielewa, siku ile ameachwa bila kitu. Aliyejua kwa nini mstari uliwekwa aweza kuuacha.

Limebaki swali ambalo silo la binti peke yake. Koko alimwuliza mbele yetu: "Ukimaliza, utarudi huku?" Binti akatazama chini. Msimhukumu haraka. Kituo chetu hakina taa ya uhakika. Dawa ya oksitosini, inayozuia damu, yataka kukaa katika baridi, nasi friji hatuna. Mshahara wachelewa, na watu hulipa kwa kuku. Twataka arudi na elimu yake, kisha tumpe mshumaa. Tukisema kwamba yeye ana deni kwetu, sisi nasi tuna deni kwake, wala hatuwezi kulilipa kwa kumsifu kanisani. Kamati ya kituo imekutana mara mbili juu ya friji ya jua. Mara ya kwanza tuligombana. Mara ya pili tulipata bei ya mbuzi watatu, na ahadi nyingi. Binti amebakiza mwaka mmoja.

Juzi usiku, saa nane, nilisikia hodi. Alikuwa Koko, pamoja na mwanamke mwenye uchungu na jirani wawili. Alitaka nimwazime tochi, wanakwenda kituoni. Nikamwuliza kama kuna jambo baya. "Bado hakuna," akasema. "Ila nimeona afadhali twende sasa."